Jicho Ndani ya Bomba

Mwishoni mwa mwaka 1852 homa iliuvamia mji wa Croydon, kusini mwa London. Watu walishangaa, na walikuwa na kila sababu. Croydon ulikuwa mji wa mfano. Desemba ya mwaka uliotangulia ulizindua mitambo mipya ya maji kwa shangwe, na chini ya barabara zake yalikuwa yamelazwa mabomba mapya ya majitaka: membamba, ya udongo uliochomwa ukang'arishwa, tofauti kabisa na mahandaki ya matofali yaliyokuwa yamezoeleka. Homa ilipozidi, lawama ziliyaangukia mabomba hayo. Wachunguzi walitumwa, ardhi ikafukuliwa, na mengine yakakutwa yamepasuka, mengine yameziba. Hakuna aliyekuwa amejua. Yalikuwa chini ya miguu ya watu, lakini mtu hakuwa na njia ya kuyatazama ila kwa sururu na koleo.

Nyuma ya mabomba hayo alikuwapo Edwin Chadwick, mwanasheria aliyeandika mwaka 1842 ripoti maarufu kuhusu afya ya watu wa tabaka la wafanyakazi Uingereza. Chadwick alishikilia kwamba mahandaki makubwa ya matofali ni hasara tupu: maji yanatambaa polepole, tope linatuama, uchafu unapenya kwenye maungio ya matofali na kuingia ardhini. Bomba jembamba lenye ukuta laini, alisema, hujisafisha lenyewe kwa kasi ya maji. Huko Lambeth, Henry Doulton alikuwa ameanza mwaka 1846 kuyafyatua mabomba ya aina hiyo kwa wingi. Wahandisi wa upande wa pili walimjibu kwa hoja ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo hoja nzito kuliko zote katika historia ya majitaka: mfereji ambao mtu hawezi kuingia ni mfereji ambao hakuna anayeujua. Likiziba bomba la sentimita 10, utajua limeziba wapi?

Ugomvi huo ulidumu miaka, na Chadwick aliondolewa madarakani mwaka 1854 kwa sababu nyingi, hiyo ikiwa mojawapo. Hatimaye kila upande ulipata chake. Mifereji mikuu ilijengwa kwa matofali, mipana, ya kupitika. Joseph Bazalgette aliijenga ya London baada ya uvundo mkuu wa kiangazi cha 1858, mto Thames uliponuka hadi Bunge likashindwa kuvumilia: kilomita 132 za mifereji mikuu peke yake. Lakini mitaani na majumbani lilishinda bomba jembamba. Ndivyo ilivyokuwa London, na ndivyo ilivyokuja kuwa karibu kila mji duniani uliojenga mtandao wa majitaka baadaye. Chukua ramani ya mtandao wowote leo, jumlisha urefu wake, utakuta sehemu kubwa ni mabomba ambayo hata mtoto hawezi kupita. Hoja ya wahandisi wale haikujibiwa. Iliwekwa kando tu kwa miaka mia moja.

Kuhusu mifereji mikubwa, macho yalikuwa yamekwisha kufika. Paris ilimtuma Bruneseau kuipekua mifereji yake tangu mwaka 1805, kazi iliyochukua miaka saba, na Victor Hugo akampa nafasi ya heshima katika riwaya yake ya Les Misérables. Baada yake mhandisi Eugène Belgrand aliujenga upya mtandao mzima kwa mahandaki yenye vijia vya kutembelea kandokando ya maji. Humo ndimo alimoshuka mpigapicha Nadar mnamo 1864 na 1865, akapiga picha za kwanza za ndani ya mifereji ya majitaka kwa mwanga wa taa ya umeme.

Kazi ya Nadar inafaa kutazamwa kwa karibu, maana karibu kila taabu aliyoipata ilikuja kuwapata mafundi wa kamera karne moja baadaye. Betri zake zilikuwa za tindikali, zenye mvuke wa sumu, hivyo alizipanga juu barabarani na kuzishusha nyaya kupitia matundu ya barabara. Chini, taa ya umeme ilimulika ukuta na maji. Picha moja ilihitaji dakika 18 bila chochote kutikisika, na kwa kuwa hakuna kibarua anayeweza kusimama wima muda huo bila kutetereka, alivalisha masanamu nguo za kazi akayasimamisha mahali pao. Kisha, dakika 18 zikiwa karibu kutimia, ukungu ungepanda kutoka majini na kuiharibu picha yote. Anaanza upya. Picha zilizofanikiwa ziliwaonyesha watu wa Paris kitu ambacho hawakuwahi kukidhania: mahandaki nadhifu, yenye matao, yenye mpangilio. Mwaka 1867 mifereji ilifunguliwa kwa watalii, nao wakajaa.

Hata hivyo Paris pia ilikuwa na mahali pasipofikika. Mwaka 1868 Belgrand alipitisha majitaka chini ya mto Seine, karibu na daraja la Alma, kwa mabomba mawili ya kipenyo cha mita moja yaliyojaa maji wakati wote. Mtu asingeweza kuingia. Suluhisho lilikuwa mpira wa mbao wa kipenyo cha sentimita 85. Ulitumbukizwa upande mmoja, maji yakausukuma, na kwa kuwa yalilazimika kupita kwa kasi katika upenyo kati ya mpira na ukuta, yalifagia mchanga na tope mbele yake hadi mpira ukaibukia ng'ambo. Ni ubunifu wa kupendeza sana. Lakini mpira hauoni. Ukikwama, ndipo ungejua kuna tatizo.

Katika mabomba membamba ya mitaani, jibu la Waingereza lilikuwa taa na kioo. Mhandisi Robert Rawlinson alisisitiza kanuni ambayo wajenzi wanaifuata hadi leo: bomba lilazwe katika mstari ulionyooka na mteremko mmoja, na kila linapobadili mwelekeo pawekwe chemba. Fundi mmoja anashusha taa katika chemba ya juu, mwingine anashusha kioo katika chemba ya chini. Akiona duara kamili la mwanga, bomba ni zima. Akiona nusu duara, bomba limedidimia au lina tope. Asipoona kitu, limeziba. Chemba tunazozikanyaga kila siku mitaani zimepangwa vile kwa ajili ya jicho la fundi huyo. Tatizo ni kwamba kioo kilimwambia kuna kasoro, hakikumwambia ni kasoro gani wala iko umbali gani. Baada ya hapo ni kubahatisha: fito ndefu, nyororo, ndoo, na mwisho sururu.

Na ilipobidi mtu aingie, aliingia. Hili halikuisha. Mkazi wa Kariakoo au Eastleigh hahitaji kuelezwa chemba inayofurika ni nini, na Dar es Salaam inawajua vyema watu waitwao vyura, wanaotapisha vyoo vya mashimo kwa mikono yao. Majitaka yaliyotuama bila hewa hutoa gesi ya hidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza. Kiwango chake kikiwa kidogo, pua inakuonya. Kikipanda, mishipa ya kunusia inakufa ganzi, harufu inapotea, na mtu anadhani hewa imesafika wakati ndiyo kwanza inamuua. Mwenzake anashuka kumwokoa, naye anaanguka. Ukitaka kujua kwa nini kifaa kinachoweza kushuka badala ya mtu ni jambo kubwa, anzia hapo.

Kifaa hicho kilikuja kwa njia ya bahari.

Aprili 1951 manowari ya kuzama ya Uingereza, Affray, ilipotea katika Mlango wa Kiingereza ikiwa na watu 75. Msako ulichukua wiki nyingi, kwa kuwa sakafu ya bahari ile imejaa mabaki ya meli za vita viwili, na vyombo vya sauti vilileta mwangwi kutoka kila upande. Kumshusha mpiga mbizi penye kila mwangwi kulikuwa kazi ya polepole na ya hatari. Meli ya uokoaji Reclaim ilishusha kamera ya televisheni iliyofungwa katika kasha lisilopitisha maji. Tarehe 14 Juni, kwenye skrini iliyokuwa juu ya meli, mabaharia walisoma herufi za jina la Affray ubavuni mwake, ikiwa imelala zaidi ya mita 80 chini. Ulimwengu wa wahandisi uliipata habari: macho yanaweza kupelekwa pahala ambapo mwili haupaswi kwenda, na mtazamaji akabaki salama mbele ya skrini.

Televisheni yenyewe ilikuwa na umri wa miaka kadhaa, lakini kamera zake zilikuwa majitu. Mwaka 1950 kampuni ya RCA ya Marekani ilitoa mrija mpya wa kunasia picha, vidikoni, wenye kipenyo cha inchi moja. Hapo ndipo kamera ikaanza kuwa kitu kinachoweza kuingia katika bomba. Huko Kiel, bandari ya kaskazini mwa Ujerumani, alikuwapo mhandisi Helmut Hunger, aliyeanzisha kampuni ya IBAK mwaka 1945. Kampuni hiyo ilitengeneza kamera za chini ya maji, na mwishoni mwa miaka ya 1950 ikatoa kamera ya mabomba ya majitaka, miongoni mwa za kwanza duniani. Ukiwaza vizuri, hatua hiyo haikuwa ndefu. Kasha lisiloingiza maji lilikuwapo, taa zilikuwapo, kebo ndefu ilikuwapo. Kilichobaki kilikuwa kulipunguza umbo na kulipa kitu cha kutembelea.

Mwanzoni kamera haikutembea yenyewe. Mafundi walilisafisha bomba kwanza, wakapitisha kamba kutoka chemba moja hadi nyingine, wakaifunga kamera juu ya kitu kama sleji ya chuma, kisha winchi katika chemba ya mbali ikaivuta taratibu. Gari liliegeshwa barabarani likiwa limefunikwa madirisha ili skrini ionekane. Kidude cha kuhesabia kilipima kebo inavyoingia, hivyo kila picha ilikuwa na umbali wake. Na adui wa kwanza alikuwa yuleyule wa Nadar: ukungu. Lenzi baridi ikiingia katika bomba lenye mvuke wa joto hufunikwa mara moja, na fundi anabaki anatazama weupe mtupu mpaka taa ziipashe moto.

Weupe ukishaondoka, kilichoonekana hakuna mtu aliyekuwa amewahi kukiona tangu bomba lizikwe. Mabomba ya udongo ya zamani yalikuwa mafupi, kila kipande chini ya mita moja, kwa hiyo maungio yalipita mbele ya lenzi moja baada ya jingine, na kila ungio lilikuwa na habari yake. Hili liko sawa. Hili limeachana kwa kidole. Hapa mzizi mwembamba umepenya, ukiwa na nyuzi laini zilizoning'inia, zimenasa karatasi na mafuta. Mizizi hufuata unyevu, na ikishapenya upenyo wa unywele hunenepa hadi kulipasua bomba. Mbele kidogo, bomba la nyumba lililounganishwa na fundi mvivu aliyetoboa kwa nyundo na kulisukuma mpaka likachomoza ndani, kikwazo kwa kila kinachopita. Katika mabomba ya zege, chini ya maji palikuwa pazima na juu ndiko kulikoliwa. Sababu yake C. D. Parker alikuwa ameieleza huko Melbourne mwaka 1945: gesi ya salfaidi hupanda, na bakteria waishio kwenye unyevu wa paa la bomba huigeuza kuwa asidi ya salfuri. Zege hulainika likawa kama uji mzito.

Kuanzia hapo fundi aliweza kusema: ufa uko mita 23 na nusu kutoka chemba ya juu, chimba hapo. Barabara nzima haikuhitaji kupasuliwa.

Lakini kuona ni jambo moja, na kukubaliana kuhusu kilichoonwa ni jambo jingine. Aprili 1974 England na Wales zilikabidhi maji na majitaka kwa mamlaka kumi za kikanda, na mamlaka hizo zikajikuta zimerithi mabomba ya enzi ya Malkia Victoria ambayo hali yake haikujulikana. Mifereji ya zamani ilikuwa inaporomoka, Manchester ikiwa mfano uliosikika zaidi, na barabara zikatitia pamoja nayo. Kamera zilipelekwa. Kila fundi aliandika alichokiona kwa maneno yake: huyu anaandika “mbaya”, mwingine “mbaya kiasi”. Huwezi kupanga bajeti ya nchi kwa maneno kama hayo.

Kituo cha Utafiti wa Maji cha Uingereza kilitoa mwaka 1980 kitabu cha kuainisha hali ya mabomba, kisha mwaka 1983 mwongozo wa ukarabati. Nadhani vitabu hivi vilikuwa na maana kubwa sawa na kamera yenyewe, ingawa hakuna jumba la makumbusho litakaloviweka kwenye kabati la kioo. Mkaguzi alipewa namna moja ya kusema. Ufa mwembamba usiofunguka una alama yake. Ufa uliofunguka lakini vipande bado viko mahali pake una nyingine. Kipande kilichohama, nyingine. Mahali pa kasoro hutajwa kwa namba za uso wa saa: 12 ni paa la bomba, 6 ni sakafu, 3 kulia, 9 kushoto. Mwishoni bomba hupewa daraja, kuanzia 1 lililo zima hadi 5 lililoporomoka au linalokaribia kuporomoka. Mwongozo ukaongeza busara moja ya fedha: huwezi kukagua kila kitu, kwa hiyo anza na mabomba ambayo yakianguka yataleta hasara kubwa kuliko yote, yaliyo chini sana, chini ya barabara kuu, chini ya hospitali. Wamarekani walitengeneza mfumo wao kutokana na huo mwanzoni mwa miaka ya 2000, na nchi za Ulaya nazo zikawa na kiwango chao cha pamoja.

Wakati huohuo, tiba nayo ilikuwa inabadilika. Mwaka 1971, mtaa wa Hackney, London, mhandisi Eric Wood alikarabati mita 70 za mfereji wa matofali wenye umbo la yai bila kuufukua. Alichukua mrija wa kitambaa kizito cha nyuzi, akaulowesha rezini, akauvuta ndani ya mfereji, akaujaza mpaka ukabana ukuta pande zote, akaacha ugande. Lilizaliwa bomba jipya ndani ya bomba kuukuu. Mbinu hiyo ilienea dunia nzima. Ila ilileta tatizo lake: mrija ukishaganda huziba midomo yote ya mabomba ya nyumba yanayoingia humo. Nyumba nzima ya ghorofa imefungiwa choo. Mafundi walirudisha kamera, safari hii ikiongozana na roboti yenye msumeno wa kuzunguka. Kabla ya mrija kuingizwa, kamera ilikuwa imeandika umbali wa kila mdomo. Baada ya kuganda, fundi aliyeketi garini anatafuta kibonyeo kidogo kwenye ukuta mpya, anasogeza msumeno kwa vidole viwili, anatoboa, na maji ya watu yanaanza kupita tena. Bila kamera, uvumbuzi wa Wood usingefaa kwa bomba dogo hata moja.

Mabomba ya majumbani yalisubiri zaidi. Mwaka 1969 Willard Boyle na George Smith wa maabara ya Bell, Marekani, walibuni kipande cha silikoni kinachogeuza mwanga kuwa chaji za umeme, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Ilichukua muda kufika kwenye majitaka, lakini ilipofika, mrija wa vidikoni uliondoka na kamera ikawa ndogo kuliko kidole gumba. Fundi sasa anaibeba imezungushwa kwenye gurudumu, ikiwa kwenye ncha ya fimbo inayopindika, anaisukuma kwa mkono kupitia mdomo wa choo au sinki. Nyuma ya lenzi kuna kitoa mawimbi kidogo. Juu ya sakafu, mwenzake anatembea na kipokezi mpaka sauti inapokuwa kali kuliko kote, anachora alama ya chaki: kamera iko hapa, kina mita moja na robo. Nimelitazama zoezi hilo likifanyika uani, na kila mara hupendezwa na jinsi mwenye nyumba anavyoinama kwenye skrini ndogo, ghafla akiwa na maswali mengi kuhusu kitu alichokipuuza maisha yake yote.

Kilichokuja kuonekana zaidi katika karne hii si ufa wala mzizi. Ni sisi. Katika kiangazi cha 2013 wakazi wa magorofa ya Kingston, London, walilalamika kwamba vyoo havishuki. Kamera ilikuta rundo la tani 15, mafuta ya kupikia yaliyoganda pamoja na vitambaa laini vya kufutia watoto ambavyo watu huvitupa chooni, limebakiza upenyo mdogo tu wa bomba. Septemba 2017, chini ya Whitechapel, ukaguzi wa kawaida ulikuta jabali la aina hiyohiyo lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130, gumu kama zege, katika mfereji wa enzi ya Victoria. Humo kamera ilifika kikomo cha uwezo wake. Watu wakavaa mavazi ya kinga, wakapimiwa hewa, wakashuka na mipira ya maji yenye nguvu na makoleo, wakalichonga kidogo kidogo kwa wiki tisa. Sehemu yake iligeuzwa kuwa dizeli. Kipande kimoja kilikaushwa na kuwekwa katika Makumbusho ya London Februari 2018, watu wakapanga foleni kukiona. Maonyesho yalipokwisha, makumbusho yalikifungia katika hifadhi yake na kukielekezea kamera iliyokirusha mubashara kwenye intaneti usiku na mchana, ili yeyote anayetaka aendelee kukitazama.